Kupima msisimuo wa umeme unaolenga kina cha ubongo bila upasuaji: mwongozo wa kazi kwa timu za Mwanza

Panda boti yenye injini mbili za nyuma, moja ikizunguka kasi kidogo kuliko mwenzake. Sikio halitenganishi injini mbili. Linasikia muungurumo mmoja unaopanda na kushuka, wuu, wuu, wuu. Mbinu inayoelezwa hapa inafanya kazi hivyo hivyo, ila kwa umeme. Jozi ya kwanza ya elektrodi, yaani vibandiko vya kupitishia umeme kwenye ngozi, inapitisha kichwani mkondo wa hezi 2,000 (mizunguko 2,000 kwa sekunde), jozi ya pili hezi 2,005. Kila mkondo peke yake una kasi ambayo seli ya neva haiwezi kuifuata. Pale mikondo miwili inapokutana ikiwa na nguvu zinazokaribiana, jumla yake inavimba na kusinyaa mara 5 kwa sekunde, na mdundo huo seli inaumudu. Elektrodi zikipangwa vizuri, mahali penye mdundo mkubwa panaweza kuwa ndani ya kichwa badala ya chini ya elektrodi.

Kikundi cha MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, kilionyesha jambo hili kwa panya mwaka 2017. Mwaka 2023 zikatoka tafiti mbili za watu wazima wenye afya, moja ya London iliyolenga hipokampasi, sehemu ya ndani ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, nyingine ya Uswisi iliyolenga striatamu, sehemu ya ndani inayohusika na kujifunza mienendo. Koili ya sumaku ya kawaida, inayosisimua ubongo kutoka nje, haishuki zaidi ya sentimeta 2 au 3 chini ya ngozi ya kichwa, ndiyo maana watu wakaitafuta njia nyingine. Ultrasaundi nayo inafika kina, lakini fuvu huipinda na kuipunguza nguvu, kwa hiyo hesabu zake ni tofauti na haziingii humu.

Jambo moja lishike tangu mwanzo. Kwa miliampia 2 kwa kila jozi, uga wa umeme unaofika hipokampasi hauzidi volti 1 kwa mita, tena gamba la juu la ubongo na ngozi vinapata zaidi ya hapo. Usipojipanga, utapima mwasho wa ngozi au matumaini ya mshiriki, kisha uite kumbukumbu. Karibu kila hatua hapa chini ipo ili kuzuia kosa hilo.

Vibali, na maneno ya kutumia

Kwa Mwanza, pendekezo huanzia kwenye kamati ya maadili ya taasisi, mfano ile ya pamoja ya CUHAS (chuo kikuu cha afya cha Kikatoliki) na Hospitali ya Bugando, halafu linakwenda NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, kwa kibali cha taifa. Kwa kuwa kifaa kinagusa mwili wa binadamu kwa umeme, waone Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba mapema, kabla hata ya kuagiza mashine. Mtafiti wa kutoka nje anahitaji pia kibali cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Majina na namba za simu za washiriki zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kwa hiyo orodha ya majina ikae mbali na faili la matokeo. Mashine ya kujitengenezea isiguse kichwa cha mtu, hata kama fundi wake ni hodari.

Fomu ya ridhaa inaharibika kwenye maneno. "Uchochezi wa ubongo" usiandike: kwa msomaji wetu uchochezi ni kesi ya mahakamani. "Kupigwa umeme" ndiyo kabisa. Andika "msisimuo" au "mkondo mdogo wa umeme", kisha linganisha na kitu anachokijua: miliampia 2 ni mkondo mdogo kuliko ule unaowasha kitaa kidogo cha LED kwa mwanga wake kamili. Neno "majaribio" likisimama peke yake linaamsha hadithi za mumiani, na mtaani hadithi hizo hazijafa. Anza kwa mwenyekiti wa mtaa, mwonyeshe mashine, iweke mkononi mwako mbele yake. Kwa mzee anayeelewa Kisukuma vizuri zaidi, soma fomu kwa Kisukuma. Asiyesoma aweke dole gumba mbele ya shahidi asiye wa timu.

Malipo yawe nauli na fidia ya muda. Yakipita hapo, mtu atakuficha kifafa chake ili asikose pesa.

Mashine kwanza, tena ndani ya beseni

Unahitaji chanzo chenye njia mbili zilizotengwa kabisa kiumeme, kila moja ikishikilia mkondo uliowekwa hata ukinzani wa ngozi ukibadilika, ikiendeshwa kwa betri, na ikiwa na kikomo cha mkondo ambacho programu haiwezi kukivuka. Njia zikishirikiana waya wa ardhi, hata kwa bahati mbaya, mikondo itachanganyika kwenye waya kabla ya kufika kichwani, na mbinu nzima imekufa.

Anza na kipingamizi cha omu 1,000 mahali pa kichwa. Weka miliampia 2 za kilele. Osiloskopu, kifaa kinachochora wimbi la umeme kwenye kioo, ionyeshe volti 2 kutoka sifuri hadi kileleni, yaani volti 4 kutoka bonde hadi kilele. Multimita iliyo nzuri itaonyesha 1.41, kwa kuwa inasoma aina ya wastani, si kilele. Hapa ndipo watu wanapoumia. Mtu anaona 1.41, anadhani mkondo umepungua, anaongeza hadi asome 2, na sasa mshiriki anapata karibu miliampia 2.8. Multimita za bei rahisi nyingi hazisomi sawasawa hata kidogo kwenye hezi 2,000, kwa hiyo usizitumie kupanga dozi. Na kila mahali unapoandika mkondo, kwenye fomu, kwenye daftari, kwenye kibandiko cha mashine, andika kama ni kilele, bonde hadi kilele, au wastani wa multimita.

Baada ya hapo ni beseni la plastiki, maji lita 10, chumvi ya mezani gramu 20 kwa mizani. Mchanganyiko huo unapitisha umeme kwa kiwango kinachokaribia cha ubongo. Maji ya ziwa yalivyo hayafai. Chumvi yake ni kidogo mno, mashine itafika kikomo cha volti kabla ya kutoa mkondo uliouomba. Beseni la bati au la chuma pia hapana, kwa sababu litageuka elektrodi kubwa.

Weka jozi mbili za elektrodi pembezoni, zikitazamana. Tengeneza kipimio: nyaya mbili za fedha zilizofunikwa plastiki zote isipokuwa milimita 2 za ncha, zikitengana sentimeta 1, zimefungwa kwenye ganda la kalamu. Kama osiloskopu yako imechomekwa ukutani, usibane klipu yake ya ardhi ndani ya maji, maana umeunganisha beseni na ardhi ya jengo na utengano wa njia umekwisha. Tumia nyaya mbili za kupimia za osiloskopu na utoe usomaji wa mmoja kwenye wa mwingine, au tumia osiloskopu ya betri. Tembeza kipimio sentimeta moja moja. Katikati, mikondo ikiwa sawa, wimbi linavimba na kusinyaa hadi karibu na sifuri. Ukisogea kwenye elektrodi linabaki kubwa lakini halisinyai sana. Zungusha kipimio papo hapo nyuzi 90 na usome tena: thamani itabadilika, kwa kuwa uga una mwelekeo. Kisha badilisha uwiano, jozi moja miliampia 1 na nyingine 3 (humu ndani ya beseni tu). Mahali penye mdundo mkubwa pahamie upande wa jozi yenye mkondo mdogo. Pasipohama, kuna njia iliyovuja.

Kuna vipimo viwili vya mwisho ambavyo wengi huviruka. Cha kwanza ni kuvuja: washa njia ya kwanza, iache ya pili ikiwa imeunganishwa lakini kwenye sifuri, na weka kipingamizi cha omu 100 kwenye waya wake. Mkondo wa kilele wa miliampia 1 ungetoa milivolti 100 pale. Wewe ukisoma zaidi ya milivolti 1, rudisha mashine kwa fundi. Cha pili ni kuchambua masafa ya jumla. Unatakiwa kuona vilele viwili, 2,000 na 2,005, na patupu kwenye hezi 5. Inashangaza mwanzoni, lakini jumla ya mawimbi mawili haina hezi 5 halisi ndani yake. Mdundo unazaliwa pale seli inapoipokea. Ukiona kilele kwenye hezi 5, mashine imeelemewa au elektrodi imeoza, na mshiriki atapata msisimuo wa kawaida wa juu juu huku wewe ukidai umefika chini.

Nani aingie, nani arudi nyumbani

Umri miaka 18 na zaidi, mwenye afya. Usiulize tu "una kifafa?", maana jibu ni hapana kila mara. Uliza kama aliwahi kuanguka na kupoteza fahamu, kama utotoni alipata degedege au malaria iliyopanda kichwani, kama amewahi kuambiwa ana mnyoo wa nguruwe kwenye ubongo, kama ameanguka na bodaboda akazimia. Ndiyo moja inatosha kumwacha nje. Waache pia wenye betri ya moyo, kifaa cha usikivu kilichopandikizwa, chuma chochote kichwani, na wajawazito. Wachomeleaji waulizwe kuhusu vipande vya chuma machoni iwapo kuna picha ya MRI kwenye mpango.

Dawa: tramadol na amitriptyline hupunguza uvumilivu wa ubongo dhidi ya degedege. Tramadol usiiulize kwa jina la hospitali peke yake. Taja na "vidonge vya maumivu vya kununua dukani". Pombe ya jana usiku, gongo hasa, inaahirisha kikao.

Usingizi ndio mtego wa kanda ya ziwa. Mvuvi wa dagaa anakesha majini siku za giza, taa zikivuta samaki, na anapumzika mbalamwezi. Ukimwita asubuhi ya siku za giza umepata mtu aliyelala kwa muda wa saa mbili tu, ambaye hatari yake ya degedege imepanda na kumbukumbu yake imeshuka. Mpangie mbalamwezi. Kama utafiti una vikao vitatu, usivibane wiki kwa wiki kwa kuwa cha pili au cha tatu kitaangukia gizani. Acha mwezi mzima kati ya kikao na kikao, na wengine wote wafuate ratiba hiyo hiyo ili kulinganisha kuwe halali.

Daktari au ofisa tabibu awe jengoni, si kwenye simu. Kwa sababu hiyo vikao vifanyike karibu na hospitali, hata kama washiriki wanatoka Ukerewe. Ni afadhali kulipa nauli ya meli kuliko kupeleka mashine kisiwani.

Kupima kichwa na kuandaa ngozi

Waambie washiriki siku ya kupanga miadi: waje bila rasta, wigi wala weaving, nywele zimeoshwa na hazina mafuta. Aliyeweka dawa ya kulainisha nywele ndani ya wiki moja asubiri, ngozi yake inaweza kuwa na vidonda asivyovihisi. Chale na makovu ya kichwani yachorwe kwenye fomu. Elektrodi isikae juu ya kovu.

Tumia futi ya fundi cherehani, laini isiyovutika. Pima kutoka kishimo cha juu ya pua, kati ya macho, hadi kifundo cha mfupa nyuma ya kichwa. Tuseme ni sentimeta 36. Katikati ni 18. Asilimia 10 ni 3.6, asilimia 20 ni 7.2. Pima tena kutoka mbele ya sikio hadi mbele ya sikio, na alama za pembeni ziwe asilimia 10 ya kipimo hicho juu ya sikio. Weka alama kwa penseli ya nyusi. Kalamu ya wino huyeyuka na jasho. Kosa la sentimeta 1 kwa kila elektrodi linatosha kuhamisha mahali ulipopalenga, kwa hiyo mtu wa pili apime upya bila kuona namba za kwanza.

Mahali pa elektrodi huchaguliwa kwa programu kama SimNIBS, ambayo ni ya bure. Picha ya MRI ya mshiriki mwenyewe ndiyo bora. Usipoipata utatumia kichwa cha wastani, na ni vyema kukumbuka kwamba kile kinachotumika sana kilitengenezwa kwa picha za watu 152 wa Montreal. Lieleze hilo kwenye ripoti.

Gawa nywele kwa mkia wa kitana mpaka ngozi ionekane. Futa kwa spiriti na uache ikauke, kisha sugua taratibu kwa jeli yenye chembechembe mara kumi hivi. Ngozi isiwe nyekundu wala isilowe. Weka ute mzito wa elektrodi badala ya sponji la maji ya chumvi. Hapa kwetu kuna joto, jasho linateremka, na sponji linavuja. Doa moja la unyevu likiungana na la elektrodi ya jirani, mkondo unapita njia ya mkato juu ya ngozi, ukinzani unaonekana mzuri ajabu, na ubongo haupati kitu. Ukiona ukinzani umeshuka ghafla kuliko kawaida usishangilie. Kausha kwa taulo na upime tena.

Ukinzani upimwe kwa masafa yatakayotumika. Ngozi inaupitisha mkondo wa hezi 2,000 kwa urahisi kuliko wa hezi 10, hivyo kipimo cha mashine ya EEG, inayorekodi mawimbi ya umeme ya ubongo, si kipimo chako. Kinachotakiwa zaidi ni elektrodi nne zikaribiane. Moja ikiwa mara tatu ya wenzake, iondoe na uanze upya.

Kikao chenyewe

Mashine na kompyuta mpakato vyote kwenye betri, chaja zimechomolewa ukutani. Umeme ukikatika hakuna kinachobadilika, na jenereta ikirudi kwa kishindo haimfikii mshiriki. Feni iendelee, lakini isimpulize usoni, kwa kuwa machozi na kupepesa vitaharibu zoezi.

Panda kutoka sifuri hadi miliampia 2 za kilele kwa kila jozi ndani ya sekunde 30, kaa dakika 20, shuka kwa sekunde 30. Usizidi hapo. Kila dakika andika mkondo na volti ya kila njia. Kila dakika 5 mwulize, kwa maneno yale yale, mwasho, kuchoma, kizunguzungu, ladha ya chuma na mwanga machoni, kutoka 0 hadi 10. Kuchoma kukifika 6, shusha mkondo, usimbembeleze.

Mwanga unaomemeteka machoni ni habari muhimu. Jicho linasikia umeme wa masafa ya chini kwa wepesi mkubwa. Mshiriki akisema "taa inapepesa", ama elektrodi iko karibu mno na jicho, ama mashine inatoa masafa ya chini yasiyotakiwa. Simamisha, rudi kwenye beseni.

Degedege likitokea, ingawa halitarajiwi kwa dozi hii: zima, mlaze ubavu, ondoa vitu vinavyoweza kumwumiza, anza kuhesabu muda. Kijiko mdomoni hapana. Dakika 5 zikipita, ofisa tabibu anatoa dawa ya kukata degedege.

Kama unarekodi EEG wakati huo huo, kuna uongo mmoja unaovutia. Mashine inayochukua sampuli 500 kwa sekunde, ikipenyezewa mkondo wa hezi 2,005, itauonyesha kama hezi 5 safi kabisa, kwa kuwa 2,005 ni mara nne ya 500 na masalia 5. Inafanana na wimbi la ubongo na si wimbi la ubongo. Tumia rekodi za kabla na baada tu.

Vikao vya kulinganisha viwe vitatu kwa kila mshiriki: kimoja cha hezi 2,000 na 2,005; kingine cha 2,000 na 2,000, ambapo mkondo na hisia za ngozi ni zile zile lakini hakuna mdundo, na kile kinachopanda kwa sekunde 30 kisha kinazimwa. Mpangilio wa vitatu una njia 6, basi idadi ya washiriki iwe inayogawanyika kwa 6, mfano 24. Mtu anayeweka mashine asiwe anayeendesha zoezi. Mwishoni mwulize mshiriki anadhani alipata kipi; wengi wakipatia, siri ilivuja.

Zoezi la kumbukumbu

Kwa hipokampasi, zoezi linalofaa ni kuunganisha sura na jina. Picha za kununua mtandaoni, zenye sura za Ulaya, zitakupa matokeo ya ugeni tu. Piga picha zako kwa ridhaa, ukuta ule ule, mwanga ule ule. Majina yana hila zake. Kulwa na Doto wasikae orodha moja: kila Msukuma akikumbuka mmoja, wa pili amekwisha kuja mwenyewe. Shija naye, anayefuata mapacha, mtenge nao. Aliyevaa hijabu asiwe Mwajuma pekee kwenye orodha, wala mwenye msalaba shingoni asiwe Petro pekee, kwani hapo mshiriki anabahatisha, hakumbuki. Majina yawe na silabi mbili au tatu, kila orodha iwe na majina 12, na ziwepo orodha tatu tofauti zilizojaribiwa kwanza kwa watu ambao hawatashiriki. Kama wastani wao ni 11 kati ya 12, orodha ni rahisi mno. Ikiwa ni 3, ni ngumu mno. Lenga 6 hadi 8.

Amua kabla ya mshiriki wa kwanza ni alama ipi moja itahukumu utafiti, isajili, na usiibadilishe hata ile nyingine ikionekana tamu zaidi.

Kabla hajaondoka

Toa ute kwa maji ya uvuguvugu, kagua ngozi chini ya kila elektrodi na upige picha ya wekundu wowote. Akae dakika 30. Asiendeshe bodaboda wala asiingie majini siku hiyo. Osha elektrodi papo hapo, kwa sababu ute ukikaukia juu yake unaacha mabaka makavu yanayochoma ngozi kikao kijacho. Kesho yake mpigie simu, uulize kichwa, usingizi na ngozi. Akisema kuna lengelenge, aje siku hiyo hiyo kwa gharama ya utafiti, na elektrodi nne alizovaa zitolewe kazini mpaka zipimwe tena ndani ya beseni.